Mama Kinga na Sanduku la Maswali

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa kumi jioni, Mama Kinga atavua aproni yake ya kijani, ataitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa stoo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na tisa ataondoka bila mpango wa kuivaa kesho yake. Atakuwa amestaafu. Klabu ya Bustani imepewa nafasi katika jarida hili la shule ili imuage kwa heshima, na tumeonywa tusirefushe. Tutajitahidi, ila yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba kitu kizuri huvuka ua.

Hakuajiriwa kutunza bustani. Aliajiriwa kama mhudumu wa usafi, na agizo lake la kila asubuhi lilikuwa la maneno matatu: fagia, kusanya, choma. Alifagia. Alikusanya. Pale penye kuchoma alisita, akapeleka majani yote nyuma ya maabara na kuyarundika kimyakimya muhula mzima. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba aliona haya kuchoma chakula cha mtu. Alipoulizwa mtu gani, alionyesha ardhi kwa kidole.

Mvua zilipokuja, kwenye lundo hilo lilichipua boga ambalo hakuna aliyelipanda. Likatambaa, likapanda ukuta, likaingia dirishani, likazaa juu ya meza ya maabara katikati ya chupa za majaribio. Mwalimu wa Kemia wa wakati huo alikataza lisikatwe mpaka darasa limalize kuandika walichokiona. Wiki iliyofuata Mama alinyang'anywa ufagio na kupewa jembe. Yeye husema huo ndio upandishwaji cheo pekee alioupata kwa msaada wa boga.

Alichokijenga tangu siku hiyo kinaitwa kilimo cha kudumu, na vipo vitabu vinene vinavyokieleza. Mama Kinga alikieleza kwa sentensi moja: kila kitu shambani kiwe na kazi mbili, na asiwepo wa kukaa bure isipokuwa mwenye shamba. Kuku wetu hula wadudu, huchakura udongo na kuacha mbolea, halafu banda lao lenye magurudumu husukumwa hatua chache mbele ili waanze zamu nyingine. Mahindi huyashikia maharage mkono, maharage huulisha udongo, maboga hutandaza majani chini jua lisiuchome. Maji yaliyooshewa vyombo jikoni hupita kwenye kokoto na mchanga hadi kwenye migomba. Mboga za kila siku ziko umbali wa mtu aliyevaa kandambili na kushika mwiko. Miti ya matunda iko mbali kidogo. Ya kuni iko mbali kabisa, kwa sababu, alisema, hakuna anayekimbilia kuni huku mchuzi ukiungua.

Majirani waliona. Wengi wana viwanja vidogo na hamu kubwa ya kula kilichotoka kwao wenyewe, basi wakaanza kuuliza maswali juu ya ua. Walimuuliza akiwa amebeba samadi, akiwa amepanda ngazi, na mara moja akiwa amekwama katikati ya matawi ya mpera. Ndipo fundi seremala wa shule alipochukua dawati lililovunjika, akalitengeneza sanduku lenye mdomo, akalifunga kwa skrubu nne kwenye nguzo ya geti. Mwenye swali aliandika na kutumbukiza. Majibu yalitolewa kila Jumamosi asubuhi, mezani, chini ya paa la kibanda cha miche.

Hapa lazima tueleze jambo la karatasi, maana ndilo lililoleta mambo yote. Vijikaratasi vya majibu vilikatwa kutoka migongoni mwa mitihani ya zamani, na vilikuwa vyembamba kama vidole viwili. Mama aliona kukata vipana ni ubadhirifu. Kwa hiyo majibu yake yalikuwa mafupi. Sisi wa klabu tuliyanakili kwenye madaftari, kila jibu na namba yake, na sasa yamejaza madaftari kumi na saba. Tunatoa mifano.

Swali: "Mboji yangu inanuka mpaka jirani amehamia chumba cha nyuma." Jibu: "Maji mengi, makavu machache. Ongeza majani makavu, geuza. Ikiiva, mpe nusu. Atarudi chumba cha mbele."

Swali: "Kuku wanamaliza mchicha kabla yangu. Nifanyeje?" Jibu: "Banda linatazamana na mchicha. Hamisha kimoja. Hamu haihamishiki."

Swali: "Shangazi yangu anasema matandazo ya majani ni uchafu na mimi ni mvivu." Jibu: "Mwambie ashike udongo wake saa saba mchana, kisha wako. Usiongeze neno."

Na lile lililoulizwa kuliko yote: "Nimepata kiwanja kipya. Nianze kupanda nini?" Jibu lilikuwa moja miaka yote: "Panda kiti." Alimaanisha ukiweke kama mche na ukikalie: ukae msimu mzima ukitazama jua linaingilia wapi, upepo unapigia wapi, maji yanalala wapi, ndipo ushike jembe. Muuguzi wa zahanati ya jirani alipopokea jibu hilo alienda nyumbani, akatoa kiti cha jikoni, akakipanda. Alisimama juu yake robo saa nzima katikati ya kiwanja huku wanawe wakimwomba ashuke. Jumamosi iliyofuata alirudi na ripoti kwamba ameona paa la jirani lina kutu, na sasa afanye nini. Mama Kinga alicheka mpaka akaomba maji. Hata hivyo hakupanua karatasi.

Jibu lililompa jina lilikuja miaka kumi na miwili iliyopita. Fundi cherehani, ambaye kiwanja chake kiko juu ya shule na tunapakana naye ua kwa ua, aliandika kwamba kila mvua ikinyesha maji ya barabarani huingia kwake na kuondoka na udongo. Mama alimjibu kwa ufupi wake: "Kinga maji upande wa juu, kabla hayajashika mbio."

Tumelitafuta neno hili kwenye kamusi, na kamusi haina hatia. Kukinga ni kuweka chombo chini ya kinachomiminika ili ukipokee. Kukinga pia ni kuzuia kitu kisikufikie. Mama alikuwa na maana ya kwanza: pokea maji, yatulize, yanywe. Fundi cherehani alikuwa na ya pili. Alijaza mchanga kwenye magunia arobaini, akajenga ukuta kuanzia pembe hadi pembe, akashona hata midomo ya magunia kwa uzi maradufu, kwa sababu yeye hafanyi kazi nusunusu.

Mvua ikanyesha. Maji ya barabarani yalifika ukutani, yakaona adabu yake, yakageuka kushoto, yakafuata ua wetu, yakakuta geti la shule liko wazi. Kutoka pale ni mteremko mtupu hadi ofisi ya walimu. Wanaokumbuka wanasema viatu vilitoka kwanza, vikifuatwa na kikapu cha taka na chaki. Mwalimu wa Jiografia alipanda juu ya meza na kuendelea kusahihisha, na inasemekana alama za siku hiyo zilikuwa za ukarimu.

Fundi cherehani alikuja mbio akiwa na kijikaratasi mkononi, kimelowa.

"Dada, si uliandika mwenyewe nikinge maji? Nimeyakinga."

Mama alisoma mwandiko wake mwenyewe. Akamtazama fundi. Akaitazama ofisi, ambako mtu alikuwa akiita apewe kiatu chake cha kulia. Akaketi pale pale kwenye tope na kucheka, na fundi, ambaye alikuja tayari kwa kesi, akaketi pia.

Mvua ilipopumzika walitengeneza kwa pamoja. Mama alileta kifaa chake cha miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati, kinachoonyesha wapi ardhi iko usawa. Wakachimba mtaro usioteremka popote, uliolala kukata mteremko, ili maji yaingie, yasimame na kuzama taratibu. Fundi alikuwa mgumu kuelewa mpaka mtaro ulipofika katikati, ndipo akasimama ghafla na kuvuta utepe wa kupimia shingoni. "Kumbe ni pindo," akasema. "Maji yanafumua kiwanja kama uzi unavyofumuka kwenye gauni. Unakipiga pindo." Mama alimwomba arudie ili aliandike. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Kinga, na karatasi zilipanuliwa kuwa vidole vitatu.

Nyumba nyingi jirani sasa zina pindo. Jiko la shule halijanunua mboga za majani kwa miaka tisa. Nyuma ya maabara, penye lile lundo la kwanza, udongo ni mweusi na mkono huingia mpaka kiwikoni. Hayo ni mafanikio yake, naye akitajiwa hukimbia kwenda kumwagilia kitu ambacho kimeshamwagiliwa.

Alipaswa kustaafu miaka minne iliyopita. Aliomba kuongezewa muda mara mbili, na mara zote mbili sababu aliyoandika kwenye fomu ilikuwa neno moja: "Sanduku." Hakuona nani atajibu. Mwaka huu barua ilikuja kutoka kwa Mwalimu Mkuu, barua ya upole kabisa. Ilisema muda hauwezi kuongezwa tena, na kwa kuwa hakuna mtumishi mwingine mwenye ujuzi wake, sanduku litafunguliwa skrubu siku hiyo hiyo, maana si vizuri watu watumbukize maswali kwenye mbao zisizojibu.

Mama Kinga alikwenda ofisini na bisibisi. Aliiweka mezani kwa Mwalimu Mkuu na kuomba Jumamosi moja. Siku hiyo atakaa mezani kama kawaida, lakini hatasema neno. Maswali yakijibiwa yote na watu wengine, na yakijibiwa sawasawa, sanduku libaki. Swali hata moja likishinda, atalifungua sanduku kwa mkono wake. Mwalimu Mkuu alifikiri kidogo, kisha akauliza kama Mama ana hakika anaweza kunyamaza asubuhi nzima. Mama alisema hapo ndipo penye kazi.

Basi Jumamosi iliyopita kibanda cha miche kilijaa hadi nje. Mama alifika na jagi la maji na kikombe. "Naujua mdomo wangu," alitangaza, "hauaminiki." Akapiga funda moja, akafumba midomo na kuyaweka maji mashavuni. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake: kila swali funda jipya, halimezwi mpaka jibu litoke. Bisibisi ililazwa mezani mbele yake. Katibu wa klabu alivisoma vijikaratasi, kwa sauti ambayo watu wa nyuma walilalamika kuwa hawaisikii.

Swali la kwanza lilihusu bamia zilizovamiwa na wadudu weusi wadogo, mwenye bamia apulizie nini. Mashavu ya Mama yalianza kutetemeka. Muuguzi akainua mkono. "Usipulizie kitu bado. Zioshe kwa maji ya sabuni kidogo, asubuhi. Halafu tazama kama kuna wale wekundu wenye madoa. Ukiwaona, waache, wamekuja kazini." Mama alimeza maji na kupiga meza kwa furaha.

Baada ya hapo ilikuwa kama mahindi kwenye kikaango. Watu walijibu kabla swali halijaisha. Mzee wa duka la vipuri alimweleza mama mmoja jinsi ya kuchimba shimo la migomba, akabishiwa upana na mkwewe, wakasimama wote wawili kupimana kwa mikono. Wenye maskani mapya, mume na mke waliohamia mwezi uliopita, walikuwa wameandika kwamba wana kiwanja kipya na hawajui waanze kupanda nini.

"Kiti," kibanda kizima kilisema.

"Na msikikwee," akaongeza muuguzi.

Mashavu ya Mama yalikuwa yamevimba, machozi yakimtoka, lakini hakuna tone wala neno lililotoka mdomoni. Kikabaki kijikaratasi kimoja. Katibu alikisoma na kila mtu akaujua mwandiko, kwa sababu ndio unaoandika barua za onyo: "Maji ya paa la ofisi yangu mpya yamechimba shimo mlangoni. Nifanyeje?"

Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini. Hakuna aliyethubutu. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Mwulizaji ndiye alikuwa mgumu. Muuguzi alitazama kucha zake. Mzee wa vipuri alikumbuka kikohozi. Mama Kinga alikalia mikono yake yote miwili isije ikaeleza, akaitazama bisibisi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake haukuwa na kicheko.

Nyuma kabisa kiti kilikwaruza. Fundi cherehani alisimama, utepe shingoni. Tangu siku ya magunia hakuwahi kutoa ushauri wa maji kwa mtu yeyote; alisema mtu aliyeogesha walimu hana haki hiyo. Akasafisha koo.

"Mwalimu," alisema, "yakinge."

Mwalimu wa Jiografia, ambaye sasa ana mvi na alikuwa amekaa pembeni, aliinua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni na kuiweka juu ya kiti.

Maji ya Mama Kinga yalitoka yote kwa mpigo. Yaliruka juu ya meza na kutua kwenye trei ya miche ya nyanya, ambayo ilikuwa na kiu, naye akainama akicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Kicheko kilipopungua fundi alikuwa bado amesimama, na akamaliza: "Kwa pipa, Mwalimu. Pipa chini ya mfereji wa paa. Likijaa, bomba lipeleke yanayobaki kwenye mtaro uliolala usawa, chini yake upande mipapai. Kwa kifupi, upige pindo mlango wako. Kesho nakuja na utepe."

Mtu mmoja, tunadhani ni yule mkwe, aliuliza kama Mama hakuvunja sharti. Watu wote walimgeukia Mwalimu Mkuu. Alifuta tone lililofika kwenye miwani yake.

"Maji si neno," alisema. Akachukua bisibisi mezani, akatoka hadi getini, na sisi nyuma yake. Skrubu moja ya sanduku ilikuwa imelegea siku nyingi. Akaikaza.

Lilibaki jambo moja ambalo hata sisi wa klabu hatukulijua. Katika madaftari yote kumi na saba kuna namba moja ambayo mbele yake hapana kitu. Kila tulipouliza, Mama aligusa mfuko wa aproni na kusema, "Hili linangoja zamu." Pale getini, sanduku likiwa imara, alitoa mfukoni kijikaratasi kilichokunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa, akampa katibu asome. Kiliandikwa miaka kumi na mmoja iliyopita:

"Mke wangu amepanda bustani za mtaa mzima. Nyumbani tuna chungu kimoja na mmea mmoja, nao umekufa. Zamu yetu lini?"

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameegemea nguzo ya pili ya geti akiikagua kofia yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona leo. Mama aliomba kalamu. Aliandika nyuma ya karatasi, juu ya mgongo wa fundi cherehani, akampelekea jibu kwa mkono wake. Tuliruhusiwa kulinakili, na namba ile sasa imejaa: "Ijumaa, saa kumi na nusu. Panda viti viwili."

Dereva alisoma polepole, akakunja karatasi, akaiweka ndani ya kofia na kuvaa kofia.

"Tuvikwee?" akauliza.

Mama Kinga, Klabu ya Bustani inakushukuru kwa kila jibu fupi na kwa kila kicheko kirefu. Jumamosi meza itakuwa na watu. Usije kuchungulia mapema. Tunakuombea afya, kivuli cha kutosha na udongo ambao mkono huingia mpaka kiwikoni, na mvua ya kwanza ikukute umeketi nyumbani kwako, kiti chako kando ya kiti chake, mkitazama maji yanalala wapi.

Katibu, Klabu ya Bustani